Bi Mwalimu Ajibu: Kilifi 46, Lamu 28, na Mimi Niwekwe Wapi?

Mwezi uliopita nilitaja hapa, kwa mstari mmoja tu, kwamba katika ule uchunguzi mkubwa wa matumizi ya nyumbani wa 2015/16, watu 46 katika kila 100 wa Kaunti ya Kilifi walihesabiwa kuwa maskini. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko mambo ya karo na mitihani niliyozoea kuulizwa. Wako waliokasirika, wako wanaotaka kujua kama nao wamo. Nimechukua nne. Na kwa wanaouliza mbona natumia hesabu ya zamani: mpya za taifa zipo, ya 2022 ilikuwa asilimia 39.8, lakini ile ya 2015/16 naijua ndani nje, nami hesabu nisiyoijua hivyo siifundishi.

Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, mamangu ni mtu wa Faza, kisiwani Lamu. Nimeona Kilifi ni 46 na Lamu ni 28 tu. Jamaa zangu wa Faza najua wanavyoishi. Hawana lami, hawana hoteli, na kuvua usiku walikatazwa. Sisi huku tuna Wataliano, tuna Watamu, tuna uwanja wa ndege. Itakuwaje wao wawe na nafuu kuliko sisi? Au hesabu imepikwa?
*Mwana wa Mbajuni, Barani*

Marahaba, mwanangu. Haikupikwa. Ila wewe umelinganisha Malindi na Faza, na karatasi imelinganisha Kilifi na Lamu.

Kilifi ya kwenye takwimu haianzii Casuarina ikaishia Watamu. Ni watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019, na wengi wao bahari hawaioni wakiamka. Wako Ganze, Kaloleni, Rabai, Langobaya, Adu, ambako mvua ya masika ikikosa, mwaka umeharibika. Paa la makuti utalikuta hotelini na utalikuta Ganze. La hoteli ni urembo, la Ganze ni kwa kuwa bati halikupatikana. Na hizo fedha za Mtaliano unazozisema zina msimu wake. Agosti zipo, Desemba zipo, mwezi wa tano hoteli zinafungwa na mpishi anarudi kwao na begi lake. Wewe mwenyewe mwezi huo unalala kwenye tuktuk ukingoja abiria, sivyo? Tena uchunguzi ule ulianza Septemba 2015, utalii wa pwani ukiwa bado unauguza yaliyotokea 2014, mashambulizi na ilani za nchi za Ulaya za kuwazuia watu wao kuja. Ukiwauliza watu wa Malindi matumizi yao mwaka huo, hawakuwa na mengi ya kukutajia.

Lamu nayo ni ndogo, watu 143,920 tu, lakini ndani yake mna watu aina nyingi. Kuna Amu, yaani mji wa Lamu, na Shela yake, wenye nyumba za kukodisha wageni. Kuna Mpeketoni, wakulima waliopewa mashamba katika mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta tangu miaka ya 1970, wanaouza pamba, simsim na mahindi. Kuna visiwa vya jamaa zako, Faza, Kizingitini, Siyu, Pate. Kuna Waorma na ng'ombe wao upande wa Witu. Na kuna Waaweer, wale tunaowaita Waboni, kule Basuba, Mangai, Mararani, Milimani, Kiangwe. Wote hao wametiwa chungu kimoja, ikatoka 28.5. Nadhani mkulima wa Mpeketoni ameishusha, Mboni ameipandisha, na hakuna hata mmoja wao ambaye hiyo 28.5 ni yake.

Hapo pana jambo ambalo wanasiasa hawalitaji wakishika kipaza sauti. Uchunguzi ule ulihoji nyumba 21,773 nchi nzima. Gawa kwa kaunti 47, utapata kama nyumba 460 kwa kila kaunti kwa wastani. Zinatosha kuisemea kaunti. Lakini katika 460 za Lamu, ngapi zimeangukia Mangai? Hata zikiwa kumi, nyumba kumi haziwezi kuwasemea Waboni. Kwa hiyo mtu akikwambia "Lamu wana nafuu", muulize Lamu ya nani. Hana jibu, kwa kuwa karatasi yenyewe haina.

La pili ni namna wanavyopima. Hawapimi kwa mshahara. Wanauliza umetumia nini, umekula nini, pamoja na ulichopewa na ulichokilima mwenyewe. Nilikuwa kwa dadangu hapa Shela ya Malindi siku karani wa takwimu alipofika, msichana mpole mwenye maswali yasiyoisha. Chumvi ya shilingi ngapi, mafuta ya taa, mchicha mafungu mangapi. Akafika kwenye samaki.

"Wiki hii mmekula samaki?"

"Aka, hatujanunua."

Karani akatazama kizingitini. Magamba ya changu yalikuwa yamekauka pale tangu jana.

"Na haya?"

"Hao aliwaleta jirani, katoka baharini. Huko si kununua."

Msichana akaandika changu wawili, akauliza bei yao sokoni, akaendelea na nazi za mnazi wa uani. Dadangu alikasirika, akaona kama amepekuliwa. Mimi nikamwona yule binti ni fundi. Angeandika alivyoambiwa, nyumba ile ingeonekana ina njaa kuliko ilivyo.

Basi jamaa zako wa Faza hawana lami lakini wana changu, na changu anahesabiwa. Lami haihesabiwi katika kipimo hiki. Hospitali iliyo mbali haihesabiwi. Mama kushikwa na uchungu wa uzazi mashuani akipelekwa Amu hakuhesabiwi. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilitoa ripoti nyingine, likapima na vitu kama maji, elimu, nyumba na afya, likawagawa watu kwa marika: watoto, vijana, wanawake, wanaume, wazee. Kwa kipimo cha fedha Wakenya maskini walikuwa 36 katika 100. Kwa kipimo hicho kipana wakawa 53. Watu ni walewale. Mimi kipimo hicho cha pili ndicho nakiamini zaidi kwa visiwa, wala usiniulize Lamu ingekuwa ya ngapi kwa hicho, maana barua yako ilikuwa ya 46 na 28.

Halafu usichanganye asilimia na idadi. Tana River ilikuwa asilimia 62.2, Mombasa 27.1. Utasema Mombasa wamepata. Lakini Mombasa ina watu zaidi ya milioni moja na laki mbili, na 27 katika kila mia ya hao wanapita kidogo watu wote wa Tana River, tajiri na maskini. Ukitaka kujua pabaya ni wapi, tazama asilimia. Ukitaka kujua magunia ya unga yatatosha, tazama idadi.

Serikali yenyewe imeanza kuelewa kwamba hesabu ya kaunti nzima inaficha mengi. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, ipeleke maji, barabara, afya na umeme kwa waliosahauliwa. Sera ya kwanza ilitaja kaunti nzima nzima, 14, Kilifi na Lamu zikiwemo. Maana yake Watamu nayo ilikuwa "imesahauliwa", pamoja na mabwawa yake ya kuogelea. Sera ya pili ikashuka chini ya kaunti, ikatafuta maeneo madogo yenyewe. Hapo nikasema, alhamdulillahi, sasa wanahesabu.

Bi Mwalimu, nauza mahamri na viazi karai Maweni. Mume hayuko. Niko na mamangu mzazi na watoto watatu, wa miaka 13, 9 na 3. Kwa mwezi tunatumia kama 22,000, chakula, kodi, maji, makaa na shule, bila kutia unga na mafuta ya biashara. Je, kwa hesabu ya serikali mimi ni maskini? Nauliza kwa sababu wenzangu kwenye chama wananiita tajiri.
*Mama Mahamri*

Mamangu, umeandika vizuri, hata mtaji umeutoa. Wengi hawautoi.

Hesabu haimhesabu mtoto kama mtu mzima. Kila mwenye miaka 15 na zaidi ni 1. Wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65. Aliye chini ya miaka 5 ni 0.24, yaani chini ya robo ya mtu, na aliyefikiri hivyo naamini hajawahi kununua maziwa ya pakiti. Wewe na mamako ni 2. Wa 13 na wa 9 ni 1.3. Mdogo 0.24. Jumla 3.54.

Mstari wa umaskini, yaani matumizi ambayo aliye chini yake huhesabiwa maskini, kwa mjini katika uchunguzi ule ulikuwa shilingi 5,995 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Zidisha mara 3.54, unapata 21,222. Wewe unatumia 22,000. Kwa bei za wakati ule umevuka kwa shilingi mia saba na kitu. Huo ndio utajiri wenzako wanaokuonea wivu.

Lakini bei za 2016 unazikumbuka, na unga ulikuwa ngapi unajua kunishinda. Mstari umepandishwa tangu hapo. Kwa 22,000 za leo, uko chini yake.

Sasa tazama mambo yalivyo. Ungekuwa na matumizi yaleyale kijijini, tuseme Jilore, mstari wa mashambani ulikuwa 3,252, kwa hiyo nyumba yako ingehitaji 11,512 tu, na wewe ungeonekana mtu mkubwa. Na mpwa wako wa miaka 19 akija kesho kukaa kwako atafute kibarua cha hoteli, nyumba inakuwa 4.54. Ishirini na mbili elfu hazitoshi tena, na nyote mmekuwa maskini, mpaka mamako, kabla mpwa hajala hata hamri moja. Ndiyo sababu katika hesabu hizi nyumba zenye watu wengi huonekana kuwa na hali mbaya zaidi. Huku kwetu nyumba yenye watu wengi mara nyingi ni nyumba isiyofukuza jamaa.

Umeandika kwamba mume hayuko. Nyumba zinazoongozwa na wanawake zilizohesabiwa maskini zilikuwa asilimia 30.2 nchi nzima, zinazoongozwa na wanaume 26.0. Pengo si kubwa kama watu wanavyodhani, nami silishangilii. Hesabu inachukulia kwamba kilichomo nyumbani kinagawanywa kwa haki. Mume akinywa mnazi wa shilingi mia mbili kila jioni na mke akilala na uji, wote wawili wanaandikwa sawasawa. Kwako wewe angalau kinacholetwa kinafika sufuriani.

Kwenye chama waambie Bi Mwalimu amesema zamu yako ya kupokea isirukwe.

Mwalimu, umezunguka sana. Sema wazi. Mbona hawatoi hesabu ya umaskini kwa kabila? Wanaogopa tujue kwamba Mgiriama ndiye wa mwisho kwenye ardhi ya babu zake, na Mwarabu na mzungu ndio wa kwanza? Sensa wanatuuliza kabila, kwenye umaskini wananyamaza.
*Mtu wa Kakuyuni*

Ndugu yangu, sijazunguka, ni wewe uliyefika mwishoni mwa mwezi. Ni kweli sensa inauliza kabila, na ripoti za umaskini zinagawa kwa mji na mashamba, kwa kaunti, kwa umri, kwa elimu na kwa mkuu wa nyumba, kabila zinaliacha. Sababu ya kwanza nimeshaieleza juu: nyumba 460 hazigawanyiki mara kumi zikabaki na maana. Kama kuna sababu ya pili, nadhani unaijua wewe, uliyekuwa hai wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007.

Lakini sikubali kwamba kabila ndilo lenye jibu. Ningepewa mimi ile karatasi ya maswali niongeze moja, ningeuliza: hapa unapolala, hati ni ya nani?

Jambo hili lina umri. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu wa Mwambao. Mwenye dai alipeleke lipimwe, kisichodaiwa kiwe cha Serikali. Waliojua kuandika, wenye nyaraka na mashahidi mjini, walipeleka madai. Wagiriama waliokuwa wakilima wakahesabiwa kama wageni ndani ya ukanda, ati kwao ni bara. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, akawaapisha watu wasitoe vibarua wala kodi, akahamishwa mpaka Kisii. Mwaka 1914 vikawa vita, na Wagiriama wakaamrishwa waondoke kaskazini ya Sabaki, yale mashamba mazuri ya Magarini, wahamie kusini ya mto. Mtu aliyehamishwa kutoka penye mahindi akapelekwa penye miiba, mjukuu wake leo anahojiwa na karani wa takwimu anakula nini. Hapo asilimia inatoka wapi?

Na haikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja mradi wa makazi wa Magarini kwa fedha za Australia, watu wakakatiwa mashamba kwenye ardhi kavu, visima vikasumbua, mradi ukafa. Ufuoni yakaja mashamba ya chumvi, Gongoni mpaka Kurawa, na mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikaja kusikiliza hadharani malalamiko ya ardhi, maji na vibarua. Aliyekwenda pale wakati wa jua kali anajua kibarua cha chumvi ni kipi: karai kichwani, miguu ndani ya maji ya chumvi, vidonda visivyofunga.

Sasa chukua Wagiriama wawili. Mmoja ana ekari sita na hati Ganda, ana miembe, mtoto wake ni mwalimu. Mwingine ni skwota Mtangani, anaweza kuamka akakuta tingatinga mlangoni, kwa hiyo hapandi mnazi. Mnazi unataka miaka, na yeye hana hakika ya mwezi ujao. Umewaweka fungu moja kwa kuwa wote ni Wagiriama? Na mimi hapa mjini namjua Mwarabu mwenye hati ya babu yake iliyokunjwa sandukuni, mashamba yameingiwa, anaishi kwa anachotumiwa na mwanawe wa Ughaibuni. Ukimtia kwenye fungu la Waarabu utampa utajiri ambao hajawahi kuuona.

Kuna kundi moja tu ambalo nitakukubalia, na si lenu. Wasanye, yaani Waata. Walikuwa wawindaji wa huku bara kabla yetu sote. Tsavo ilipofanywa mbuga mwaka 1948, riziki yao ikawa kosa la jinai. Ni wachache mno, katika asilimia ya kaunti hawaonekani kabisa. Wao na Waboni wa Lamu wanastahili wahesabiwe peke yao, kijiji kwa kijiji, nyumba zote. Inawezekana, vijiji vyenyewe si vingi.

Kuhusu fedha, kwa kuwa najua ndiko unakoelekea: katika fomula ya kwanza ya kugawia kaunti mapato, umaskini ulikuwa na uzito wa asilimia 20. Katika ya tatu ukashuka hadi 14. Zikishafika Kilifi mjini, kuzigawa baina ya Ganze na Malindi ni kazi ya bunge la kaunti, na huko hakuna fomula, kuna mwakilishi wa wadi na sauti yake. Wako unampigia simu lini, ukiacha wakati wa matanga?

Bi Mwalimu, nina miaka 67, nimefanya kibarua cha chumvi ujana wangu wote. Jirani yangu ana nyumba ya ghorofa na anapokea 2,000 za Inua Jamii, zile fedha za msaada wa serikali, kila mwezi. Mimi nikienda kwa chifu naambiwa bado. Umaskini wangu haujatosha?
*Mzee wa Gongoni*

Baba, umaskini wako umetosha, miaka ndiyo haijatosha. Mpango wa wazee ulipofunguliwa kwa wote mwaka 2018, kigezo kilikuwa miaka 70, mwenye ghorofa na asiye nayo. Jirani yako hakuiba. Binafsi ningemwacha yeye asubiri nikuchukue wewe, lakini sikuulizwa.

Kama nyumbani kwako kuna mtoto yatima unayemlea au mtu mwenye ulemavu mkubwa, hao wana mafungu yao katika Inua Jamii na hayangoji miaka yako, kwa hiyo ukienda kwa chifu usiseme "nimekuja kwa ya wazee" tu. Mtaje na huyo. Na jambo jingine: umesema kibarua cha chumvi. Kama kuna wakati wowote uliandikwa na ukakatwa NSSF, ile akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, hata miezi michache, fedha hizo ni zako tangu ulipotimiza miaka 60. Chukua kitambulisho, na ile kadi ya zamani kama panya hawajaila, nenda ofisi yao uwaambie watafute jina lako. Mwende na kijana anayejua kusoma, akuandikie nambari watakayokupa.